Waliponiandika Kwamba Nimekataa Kazi

Kama umemaliza dripu za saratani juzi juzi na barua imekufika ikikuambia urudi kazini upesi, kaa kwanza usome hii. Sitakueleza saratani ni kitu gani. Madaktari wapo na picha zao, watakueleza. Mimi nitakueleza yaliyonipata katika ofisi ya ustawi wa jamii, katika dobi la mashuka na katika chumba cha rufaa, kwa sababu nilipokuwa naumwa nilitafuta mtu wa kunisimulia hayo kwa Kiswahili, sikumpata. Na nitasimulia kwa hasira. Watu wananiambia, Hadija, umepona, mshukuru Mungu, uyaache. Namshukuru Mungu kila siku. Kuyaacha bado.

Nimezaliwa Kondoa. Nilikuja Marekani nikiwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka kumi na minne nilifanya kazi moja tu, kuwahudumia wazee majumbani mwao, huku Maryland na kule Virginia. Nimewaogesha, nimewalisha, nimewageuza kitandani migongo isiwaoze. Wengine nimewashika mkono wakikata roho huku watoto wao wamekwama kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya Beltway.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja nilikuwa namwinua mzee wa Falls Church kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Kichwa chake kikanigonga titi la kushoto, nikaona nyota. Nilipofika nyumbani Greenbelt nikajipapasa, nikakuta kitu kigumu kama kokwa ya tende. Majani yalipoanza kuanguka, titi lilikwisha kuondolewa, pamoja na tezi za kwapani. Daktari aliniambia mkono wa kushoto sasa una masharti yake. Usipimwe presha, usichomwe sindano, usibebe kizito, usikatwe, usiungue. Ukipata kidonda kidogo tu, njoo mbio.

Wakala aliyekuwa akinipangia wazee alinipigia simu mara mbili kunipa pole. Mara ya tatu aliniuliza nitarudisha lini sare.

Nilikuwa sijawahi kuiomba serikali kitu. Baba yake binti yangu Nasra tuliachana zamani, yuko Ohio na familia nyingine. Ndugu yangu wa pekee huku ni mdogo wangu Shabani, anakaa Herndon, anafanya kazi ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Shabani nilimsomesha mimi kwa kuogesha wazee. Nilipomwambia naenda kuomba msaada ofisini alisema, “Sawa dada, lakini iwe ya muda.” Nikamjibu kwamba hata mimi nilitaka ugonjwa wenyewe uwe wa muda. Wakanipa pesa kidogo za kila mwezi kwa kuwa nina mtoto wa shule, kadi ya chakula, na bima ya afya.

Dripu zilikuwa nane, moja kila baada ya wiki mbili. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya bluu na televisheni isiyo na sauti, na siku zote ilionyesha watu wanapika. Sijui nani alichagua kipindi kile. Tumekaa pale watu ishirini tusiosikia ladha ya kitu, kila kinachoingia mdomoni kina uchungu wa chuma, mbele yetu mtu anakatakata vitunguu anatabasamu. Siku ya dripu ya tatu bibi mmoja Mmarekani mweusi alinyanyuka na bomba lake la dripu mkononi akaizima televisheni. Tukampigia makofi. Nakumbuka makofi yale kuliko nyuso za madaktari.

Baada ya dripu ya pili nywele zilitoka zikabaki kwenye mto. Nasra wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne. Alizikusanya, akazitia kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwambia, “Zitupe, mwanangu.” Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini mdomoni hakimtoki, kwamba atazitupa akiwa tayari. Akakaa nyuma yangu akanipaka mafuta kichwani, taratibu, kama anapaka kichwa cha mtoto mchanga.

Kwenye dripu ya tano, theluji imeshaanguka, vidole vilianza kufa ganzi. Kwanza ncha, halafu kiganja chote, halafu nyayo. Kucha zikawa nyeusi. Nikawa nashika kikombe kwa macho: nikikitazama kinakaa, nikigeuza uso kinaanguka. Vifungo vya nguo alinifunga Nasra kabla ya kukimbilia basi la shule. Njeri, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkenya wa Nyeri, muuguzi msaidizi, alinipeleka dripu sita kati ya nane akitoka zamu, macho mekundu kwa usingizi. Nikimwambia nitachukua basi, anasema, “Mama Nasra, wacha maneno. Ingia kwa gari.” Aliniletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni majira yale yote ya baridi.

Majira ya kuchipua yakaja na mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki tano. Watu walikuwa wanamiminika mjini Washington kupiga picha kwenye ile micheri yenye maua ya rangi ya waridi, mimi ngozi ya kifua inabanduka kama ganda la kitunguu. Siku ya mwisho wahudumu waliniambia nigonge kengele ya ukutani, wanayoigonga wanaomaliza matibabu. Niligonga. Nilidhani nimemaliza.

Sikiliza, wewe unayefuata. Kengele ile ni ya kwao. Mwili hauisikii.

Mwaka mzima baada ya kengele mkono wa kushoto ulivimba, ukawa mzito kama wa mtu mwingine niliyebebeshwa. Nikavaa mchana kutwa soksi ya mkono inayobana kutoka kiganjani hadi begani. Ganzi haikuondoka. Nikipanda ngazi mbili nakaa. Nilijaribu kurudi kwa wazee. Nikaenda kumwona mama mmoja hapa hapa Greenbelt, nikamwambia bintiye anijaribu siku tatu bila kulipa. Siku ya pili yule mama aliniponyoka nikimtoa bafuni. Tulimdaka wote wawili, hakuumia. Lakini niliona macho ya bintiye, nikachukua mkoba wangu mwenyewe nikaondoka. Nililia njia nzima.

Ndipo barua ilipokuja, majira ya kuchipua ya pili. Ilisema mimi ni mpokeaji wa msaada wa muda mrefu, kwamba mpango umebadilika, na kwamba nitasaidiwa kurudi katika heshima ya kazi. Waliandika hivyo. Heshima ya kazi. Niliisoma mara tatu nimesimama jikoni na soksi yangu mkononi.

Ofisini nilingoja saa tatu. Viti vya chuma vimefungwa sakafuni, namba inaitwa kwenye kioo, mlinzi anapita akiwaambia watu wasilale. Mshauri wa kesi yangu aliitwa Denise, mwanamke wa rika langu, mezani kwake mafaili yamepanda hadi kidevuni. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

“Matibabu yako yalikwisha mwaka jana,” alisema akisoma kompyuta.

“Dripu na mionzi vilikwisha. Mikono bado.” Nikamwonyesha.

“Unaona hapa? Kuna kisanduku cha matibabu yanayoendelea na kisanduku cha matibabu yaliyokwisha. Hakuna kisanduku cha mikono.”

“Sasa mimi niko wapi?”

“Uko tayari kwa kazi,” alisema, na akabonyeza.

Alinipa fomu ya daktari ya kuomba nisamehewe kazi kwa sababu ya afya. Siku ile ile niliipeleka kliniki. Muuguzi Lourdes, Mfilipino mdogo wa umbo, ndiye aliyekuwa akinifungia soksi ya mkono. Alimfuata daktari kwenye korido mpaka akasaini, akaituma kwa faksi mbele yangu. Wiki ya pili Denise akasema haijafika. Lourdes akaituma tena. Haijafika. Akaituma mara ya tatu, na kila mara alibana karatasi ya uthibitisho kwenye faili langu la kliniki. Mimi sikujua maana ya karatasi zile. Yeye alijua.

Huku nyuma nikapelekwa darasa la kujiandaa na kazi, wiki mbili. Tulifundishwa kupeana mikono na kumtazama mtu machoni. Pembeni yangu alikaa baba aliyeendesha malori miaka ishirini mpaka macho yakafifia. Yeye naye alifundishwa kumtazama mtu machoni. Mwalimu akatuambia tuandike sifa zetu tano. Kalamu ikaniponyoka mara nne. Akaniambia kwa upole nisikate tamaa, kujiamini huja polepole.

Sikukuu ya Idi tulikutana Watanzania wengi Falls Church, kwenye ukumbi wa maghorofa fulani, pilau na watoto wanakimbia. Shabani alikuwa na rafiki zake wa kazini. Mmoja akalalamika juu ya kodi na watu wanaokaa tu. Shabani akasema, nami nimesimama nyuma yake na sahani, “Kweli. Ukimpa mtu msaada muda mrefu anazoea. Hata dada yangu namwambia kazi itamchangamsha.”

Nikamwita. “Shabani.”

Akageuka. “Ah, dada. Nilikuwa nasema tu…”

“Nimesikia. Sema tena nikiwa mbele yako.”

Nikaweka sahani mezani nikamwambia Nasra tuondoke. Ndani ya basi Nasra aliniuliza kama mjomba anadhani mimi ni mvivu. Nikamwambia atazame kituo chetu kisitupite. Ungemjibu nini mtoto?

Mwezi uliofuata walinipangia kazi. Dobi kubwa upande wa pili wa barabara kuu, linalofua mashuka ya hoteli. Nilimpigia Denise nikamwambia nimekatazwa vizito na joto. Akasema bila fomu hawezi kubadilisha, nikikosa siku tatu nitahesabiwa nimevunja masharti, na msaada utakatwa. Akaongeza, sauti chini, “Mimi sitengenezi sheria, Bi Hadija.” Namwamini. Lakini mkono uliobonyeza ulikuwa wake.

Nilikwenda. Hilo nataka lisomeke vizuri. Nilikwenda siku tisa. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, nyayo hazisikii ardhi, natembea kama mtu anayekanyaga magodoro. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine ya pasi, roli refu la moto linalovuta shuka huku linaingia huku linatoka limenyooka. Unashika pembe mbili, unalaza, unaachia. Mwanamke wa upande wa pili wa shuka, mtu wa El Salvador, tulielewana kwa macho. Siku ya tisa joto lilikuwa kali, soksi ya mkono imelowa jasho, nimeivua kiganjani ili nishike vizuri. Nikalaza shuka nikaachia. Yule mwanamke akapiga kelele.

Sikuelewa anapiga kelele ya nini. Nilimtazama usoni. Akanyoosha kidole, nikatazama chini, kiganja changu cha kushoto kimelala juu ya bati la moto pembeni ya roli. Sikusikia chochote. Harufu ndiyo iliyoniambia. Nimewapikia wazee nyama miaka mingi, najua harufu ile.

Msimamizi alinipa mafuta ya kopo na bandeji, akaniambia nijaze fomu ya ajali. Sikuweza kuandika, akaandika yeye: mfanyakazi hakuwa makini.

Nilifika nyumbani mchana bado. Nasra alinifungulia mlango. “Mom,” alisema, kisha akasema kitu ambacho sijamsikia akikisema tangu ana miaka mitano. Alisema, “Mama, mkono.” Kwa Kiswahili. Akashuka ngazi mbio kumwita Njeri. Njeri akafungua bandeji, akaona malengelenge na mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwenye kiwiko, akaifunga tena.

“Tunaenda hospitali.”

“Kesho nina kazi. Nikikosa…”

“Kazi gani, Hadija? Haki ya Mungu, wewe unajua huu mkono uko na shida gani. Mimi nimeona watu wakienda na hii kitu. Vaa viatu.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Nikavaa viatu.

Jioni haijafika, mkono mzima ulikwisha kuwa mwekundu hadi begani, na homa ikanitetemesha meno. Nililazwa siku sita. Sumu ilikuwa imeingia damuni. Daktari mmoja kijana aliniuliza kwa nini mtu asiye na tezi za kwapani na asiyesikia vidole alikuwa anafanya kazi kwenye pasi ya roli. Nikamwambia aiulize ofisi. Akadhani nimechanganyikiwa kwa homa, akaandika kitu kwenye chati.

Siku ya nne hospitalini Nasra alikuja kuniona mikono mitupu. Alikuwa amesema ataniletea matunda. Nikamuuliza, akasema duka lilifungwa. Duka lile halifungwi. Nilimkazia macho mpaka akaeleza. Alikuwa kwenye foleni na ndizi, mkate, maziwa na mayai, akapitisha kadi, ikakataa. Akapitisha tena, ikakataa. Watu nyuma yake wanahema. Akachukua kila kitu akakirudisha kwenye rafu yake, kimoja kimoja, mayai kwenye mayai, ndizi kwenye ndizi, hataki mtu wa duka apate kazi ya kuvirudisha kwa sababu yake. Kisha akatembea mpaka hospitali. Alinieleza haya yote anatazama dirishani.

Barua ilikuwa sandukuni. Njeri aliniletea. Msaada wangu wa pesa na wa chakula umekatwa. Sababu: mpokeaji amekataa kazi bila sababu ya msingi. Siku walizonihesabia nimekataa kazi ni siku nilizokuwa kwenye kile kitanda, na dripu nyingine, si ya saratani safari hii.

Nimeumwa saratani. Nimetapika mpaka nikakosa cha kutapika. Lakini kitu kilichonifanya nitamani kifo chao badala ya kifo changu ni sentensi ile. Astaghfirullah. Nimeshatubu, na nikiikumbuka natubu tena.

Shabani alikuja siku ya tano. Nasra ndiye aliyempigia, mimi nisingempigia. Alisimama mlangoni na suti yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji. Shabani akakiona kiganja. Akatafuta kiti akakosa, akakaa ukingoni mwa kitanda kwenye miguu yangu.

“Kwa nini hukuniambia, dada?”

“Nilikuambia mikono imekufa ganzi. Ukaniambia nifanye mazoezi.”

“Sikujua ni hivi.”

“Hukutaka kujua. Ungejua, ungeona haya mbele ya rafiki zako, na ulishaona haya tayari.”

Akainama. Sikumbembeleza. Alikuwa mdogo wangu na nilikuwa nampenda, na bado sikumbembeleza. Akaomba ile barua. Akaigeuza. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kama za kwenye dawa, paliandikwa haki ya kukata rufaa. Mimi nilikuwa sijaigeuza. Akasema, “Hii ndiyo kazi ninayoijua, dada. Kusoma vitu ambavyo hakuna anayesoma.”

Ndiye aliyekwenda kliniki, na Lourdes akamkabidhi zile karatasi tatu za uthibitisho, kila moja na namba ya faksi ya ofisi na neno moja: imepokelewa.

Rufaa ilisikilizwa majani yakianguka tena. Chumba kidogo, meza ndefu, afisa wa rufaa mzee mwenye miwani, Denise upande mmoja, mimi na Shabani upande mwingine. Niliomba mkalimani japo Kiingereza najua. Hasira yangu haijui Kiingereza. Mkalimani alikuwa sauti ya mwanamume kwenye simu, Kiswahili cha Mombasa, kitamu, kinatoka kwenye spika katikati ya meza.

Denise alisoma kwamba fomu ya daktari haikufika. Shabani akasogeza karatasi tatu. Afisa akazitazama moja baada ya nyingine, akavua miwani.

“Faksi hizi zilifika ofisini kwenu. Ziko wapi?”

Denise akasema atatafuta. Afisa akasema atafute sasa hivi. Alitoka, tukakaa, mkalimani akikohoa kwenye spika. Aliporudi alikuwa na faili lisilo langu. Jina la mwanamke mwingine, Msomali, linalokaribiana na langu kwa herufi kadhaa. Fomu zangu zote tatu zilikuwa humo, safi, na muhuri wa kupokelewa. Denise hakunitazama. Alisema, “Samahani,” na mkalimani akasema, “Samahani,” nami nikaisikia mara mbili na haikuongezeka.

Afisa akaamua papo hapo. Msaada urudishwe, pamoja na uliokatwa. Nisamehewe kazi mpaka daktari aseme. Akafunga faili. “Basi, tumemaliza.”

“Sijamaliza,” nilisema.

Shabani akanigusa kiwiko. Nikautoa mkono wake.

“Kwenye karatasi zenu mmeandika nimekataa kazi. Lifutwe.”

Afisa alieleza kwamba hawezi kufuta kilichoingia, taarifa ni taarifa. Anaweza kuambatisha maelezo yangu. Nikamwambia anipe karatasi. Akasema naweza kuandika nyumbani nikatuma. Nikamwambia nimeona vitu vinavyotumwa hapa vinakwenda wapi. Nikaandika pale pale, kwa mkono wa kulia, kalamu nimeifunga vidoleni kwa mpira ambao Shabani aliutoa kwenye mkoba wake. Niliandika kwa Kiswahili. Ilichukua karibu saa nzima. Denise alitazama saa mara moja tu, nikamtazama, hakurudia. Niliandika kwamba nilikwenda siku tisa, nikataja mabasi, nikataja mashine, nikataja daktari na Lourdes na tarehe za faksi. Niliandika kwamba binti yangu alirudisha mayai mwenyewe. Mwisho nikaandika: mtakaosoma faili hili baada yangu, tafuteni mtu anayejua lugha hii, mlipeni, awasomee mpaka mwisho.

Sikutoka mpaka nilipoona inatiwa muhuri na kuingia kwenye faili lenye jina langu.

Sasa nikuachie yale yaliyonifaa. Fomu isiondoke mkononi mwako bila uthibitisho, na nakala ukae nayo nyumbani. Geuza kila barua usome nyuma. Omba mkalimani hata kama Kiingereza unakijua. Usiende ofisini peke yako; mtu akikaa pembeni yako wanakuongelesha tofauti, nimeliona kwa macho yangu. Mkono wako ukikuambia hapana, au ukishindwa kukuambia chochote, msikilize daktari, si kisanduku. Na ndugu yako akikuona mvivu, mpe kazi. Shabani sasa kila Jumapili anakaa kwenye chumba cha nyuma cha msikiti na Watanzania na Wakenya na Wakongo wenye barua zao, anazigeuza. Bado hatujayazungumza yale ya Idi. Labda tutayazungumza, labda hatutayazungumza.

Mimi hivi sasa nafanya kazi asubuhi mbili kwa wiki. Njeri ndiye aliyenitafutia. Nawafundisha wahudumu wapya, wengi wao wametoka nyumbani miezi michache tu, namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza na bila kujivunja mgongo. Ninakaa kwenye kiti na kusema, wao wanageuza. Jioni ya siku hizo nalala kama mtu aliyepigwa. Lakini ni kazi yangu, inaujua mwili wangu, na hakuna ofisi iliyonipa.

Wiki mbili zilizopita ofisi ya ustawi ilinipigia simu. Si Denise, ni mwingine, sauti ya furaha. Akasema ameona kwenye kompyuta kwamba nimeingia kazini. Akanipongeza. Akasema mimi ni mfano wa mpango unaofaulu, na wangependa kuweka picha yangu na maneno machache ukutani kwenye chumba cha kungojea, ili wengine wapate moyo.

Nikamwambia karibu sana, aje. Nikampa saa na namba ya mlango. Nikamwambia alete mpiga picha mzuri mwenye taa zake, maana nitavua soksi ya mkono nimwonyeshe kiganja, na picha nitakayoikubali ukutani ni ya kiganja hicho peke yake, kubwa, mkabala na viti, na chini yake maneno yangu yote niliyoandika siku ya rufaa.

Akasema atauliza kwa wakubwa wake.

Siku tuliyopanga nilioga mapema, nikafungua pazia mwanga uingie, nikaketi. Hakuja mtu. Kesho yake asubuhi nikawapigia mwenyewe. Nikaulizia picha yangu.